Wanaofundisha opereta kwa jedwali la kukariri, mnawapoteza watu!!

Wakuu salama? Hili limenikaa kooni muda, leo naliandika. Kila somo la C, ile lugha ya programu, la wanaoanza ni lilelile, unapewa jedwali la opereta, yaani alama kama = na !, hizi za kulinganisha, hizi za kimantiki, hizi za yunari (zinazoshika kitu kimoja tu), haya kariri, halafu mtihani unaletewa i = i++ + ++i (kila ++ inaongeza 1 kwenye i), eti jibu ngapi? Na mwalimu ana jibu lake moja la kutolea maksi! Swali hilo HALINA jibu. Standadi ya C yenyewe haisemi itokee nini ukibadilisha kigeu kilekile mara mbili hivyo ndani ya mstari mmoja, kompaila hii (programu inayotafsiri msimbo wako kwa mashine) inaweza kutoa namba hii na ile ikatoa nyingine na hakuna iliyokosea. Sasa unamkata mtoto wa watu maksi kwa lipi?

Yanayoumiza watu kweli ndo yanapitwa mbio. Mtu anaandika if (x = 5), programu inakubali na kila mara inaingia ndani, anakesha anatafuta kosa. Kulinganisha ni ==, alama moja ya = inaweka 5 kwenye x, na kwa C chochote kisicho sifuri ni kweli, kwisha. Lugha ya Python ingemkatalia palepale, C usipowasha maonyo kwa -Wall inaweza ikakaa kimya tu.

Kinachonichefua zaidi ni 1 < x < 10. Kwenye hisabati tumeandika hivyo miaka yote, na Python inaikubali vizuri tu, kwa hiyo mwanafunzi hana sababu ya kuishuku. Ila C inaanza na 1 < x, inapata 0 au 1, halafu hiyo 0 au 1 ndo inalinganishwa na 10. Lazima iwe kweli! x iwe 500, kweli, iwe -3, kweli. Inatakiwa x > 1 && x < 10, yaani pande zote mbili ziwe kweli, na hapo ndo && ingeeleweka kazi yake kuliko lile jedwali la kweli na uongo.

Na !x == 5 je? Ile ! inamshika x kwanza, inatoa 0 au 1, ambayo haiwezi kuwa 5 hata siku moja, ukitaka kusema x si 5 andika x != 5 yaishe.

Halafu b != 0 && a / b > 2, nani anaelezwa kwamba kushoto kukiwa uongo kulia hakuguswi kabisa? Ndo kinachozuia kugawanya kwa sifuri hicho, geuza pande uone programu inavyoweza kufa b ikiwa 0. Ukiweka & moja pia umeumia, inafanya pande zote mbili, tena inakwenda biti kwa biti (zile 0 na 1 za ndani ya namba), ndo maana 1 & 2 ni 0 wakati 1 && 2 ni 1.

Mnaoandaa notsi fungueni leo hii mfute hilo swali la i++. Na wewe uliyekatwa maksi kwa swali hilo, nenda kadai, haki yako.