Mwanangu atatembelea shule ya wasioona hapa Okinawa: nimwandaeje?

MamaAmani
Salaam, ndugu zangu. Mume wangu ni mwanajeshi wa Marekani, nasi tunaishi kambini hapa Okinawa, Japani, kwa mwaka wa pili sasa. Mwezi ujao darasa la mwanangu Amani, mwenye miaka 10, litawatembelea wanafunzi wa shule moja ya wasioona. Mwaka jana watoto walipeleka zawadi, wakaimba, wakapigwa picha, wakarudi, na hakuna aliyekumbuka jina la mwenyeji hata mmoja. Safari hii ningependa apate walau rafiki mmoja, ingawa hajui Kijapani na sisi huenda tukahamishwa mwakani.

MwalimuMstaafu
Mama Amani, nimewafundisha wasioona nchini Kenya kwa miaka mingi, na ningeanza na mchezo, si zawadi. Waulize walimu kama wenyeji hucheza goliboli, mchezo wa mpira wa wasioona. Kila upande una wachezaji 3, wote huzibwa macho, hata wenye uoni hafifu, na mpira wa kilo 1.25 wenye kengele ndani huviringishwa kwa nguvu katika uwanja wa mita 18 kwa 9, ambao mistari yake imepitishiwa uzi chini ya utepe ili mchezaji aipapase na kujua aliposimama. Humo Amani ndiye atakayepotea, na mwenzake asiyeona ndiye atakayemwelekeza. (Kwa familia ya askari mchezo huu una jambo lake: ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya askari waliopofuka vitani.) Adabu zilizobaki ni chache: ataje jina lake anapofika na aage anapoondoka, asije akamwacha mtu akizungumza peke yake, na asimkokote mtu kwa mkono, bali akiombwa msaada atoe kiwiko chake kishikwe.

MtotoWaKambi
Dada, mimi nilibadilisha shule 5 kwa ajili ya uhamisho wa baba, na marafiki niliobaki nao ni wale tulioandikiana tu. Mfundishe nukta nundu za Kijapani, yaani maandishi ya wasioona yanayopapaswa kwa vidole, tangu sasa. Mfumo huo, uliobuniwa na Ishikawa Kuraji na kukubaliwa mwaka 1890, huandika silabi badala ya herufi mojamoja, kwa hiyo majina yetu mengi huingia humo bila taabu: A-ma-ni ni vyumba 3 tu (chumba ni kikundi kimoja cha nukta), na "a" yenyewe ni nukta 1. Akumbuke kwamba kwa kibao cha kawaida cha kuandikia nukta hutobolewa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nundu hutokea upande wa pili, kisha karatasi hugeuzwa ndipo isomwe.

MamaAmani
Ahsanteni sana. Nimeshamwandikia mwalimu wake kuhusu goliboli. Jioni hii Amani ametoboa jina lake kwenye kadi kwa ncha ya biro iliyokwisha wino, akalianzia kushoto, na alipoigeuza likasomeka kinyume. Amechukua kadi ya pili.