Makala za mambo yasiyo ya kawaida: mwandishi wa kujitegemea ataziuzaje?

Mwuliza swali

Wakuu, salaam. Ninaandika makala za safari na mitindo ya maisha nikiwa mwandishi wa kujitegemea, na kinachonivuta zaidi ni mambo yasiyo ya kawaida: mashindano ya ajabu, makumbusho ya vitu visivyotarajiwa, watu wenye mapenzi ya mambo ambayo majirani zao hawayaelewi. Wahariri hunijibu kwamba wazo linafurahisha, kisha hawalinunui. Je, tatizo ni mada au namna ninavyoziwasilisha? Na je, nikubali safari zinazolipiwa na bodi za utalii, maana gharama hunizidi?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, mada haina kosa. Kinachokosekana mara nyingi ni swali ambalo makala italijibu. Chukua mji mdogo wa Llanwrtyd Wells, nchini Wales, ambako tangu 1980 wakimbiaji hushindana na farasi waliopandwa, katika njia ya milimani ya takriban kilomita 35. Ukimwandikia mhariri kwamba kuna mahali watu hushindana mbio na farasi, atatabasamu na kuendelea na kazi zake. Lakini mweleze kwamba zawadi ya binadamu atakayeshinda iliongezwa pauni 1,000 kila mwaka bila mtu kuitwaa, hadi 2004 mkimbiaji Huw Lobb alipoondoka na pauni 25,000, na mhariri mwenyewe ataanza kuuliza ni nini kilichobadilika mwaka ule.

Mji huohuo una mashindano ya kuogelea ndani ya mtaro uliochimbwa kwenye kinamasi, ambako mshiriki huvaa bomba la kupumulia na mapezi ya miguuni, wala haruhusiwi kutumia mitindo ya kawaida ya kuogelea. Hapo ipo habari nyingine kabisa, ya mji unaojitafutia wageni kwa kubuni michezo, na hiyo ni ya ukurasa wa uchumi. Safari moja inaweza kukulipa mara mbili, mradi makala ziwe tofauti kweli na mkataba wa kwanza usiwe umechukua haki zako zote.

Jibu la pili

Kuhusu safari za kulipiwa, muulize mhariri kabla hujaikubali tiketi. Yapo magazeti, The New York Times likiwamo, yasiyopokea makala ya safari iliyogharamiwa na wenyeji, na yapo yanayokubali iwapo msomaji ataambiwa wazi ni nani aliyelipa. Mimi huzikwepa kwa mada za namna hii, kwa sababu ratiba ya mwenyeji hukupeleka palipopambwa, ilhali mazungumzo yenye uzito hupatikana baada ya shughuli, washiriki wanapojiosha matope na hakuna tena anayewapiga picha. Usisahau pia viza: Marekani, kwa mfano, ina viza ya daraja la herufi I kwa waandishi wa habari wa kigeni, na kwenda kazini kwa ruhusa ya utalii kunaweza kukuletea matatizo mpakani.

Jibu la tatu

Naongeza jambo moja ambalo naliona kubwa kuliko yote. Usiwaandike watu hawa kama vituko. Huko Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, kuna makumbusho ya mahusiano yaliyovunjika, ambako watu hutoa kitu kilichobaki baada ya kuachana, nacho huwekwa pamoja na maelezo ya aliyekitoa. Mwandishi mvivu ataorodhesha vitu vya kuchekesha na kuondoka. Aliye makini atachagua kimoja, atakaa nacho, atauliza kwa nini mtu hakukitupa bali alikifunga na kukituma kwa watu asiowajua.

Mwuliza swali

Nashukuru sana, wakuu. Naona sasa kwamba mapendekezo yangu yalikuwa yakitaja tukio tu. Je, makala ikishaagizwa kisha ikaachwa, mnadai chochote?

Jibu la pili

Ndiyo. Omba fidia ya makala isiyochapishwa iandikwe kwenye makubaliano kabla hujasafiri, pamoja na haki ya kuipeleka makala hiyo kwingine.