Kachomoa plagi ya blowa watoto wakiwa ndani ya puto la kurukia ili aoke piza! Huyu ndiye anafungua tawi la nne?

#1 Mleta mada

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Ni leo hii, Jumamosi, ukumbi wa piza na michezo ya watoto una sherehe tatu za kuzaliwa kwa mpigo. Mwenye ukumbi mnamjua. Yule wa matawi matatu, wa sanamu la twiga aliyebeba piza mlangoni. Simtaji, hata mbuzi wa mtaa ule wanamjua.

Jamaa kachomoa plagi ya blowa, ile feni inayopulizia hewa puto. Watoto tisa wako ndani ya puto la kurukia. Kachomoa kwa mkono wake, akachomeka kioveni cha mezani, akasukumia piza ndani.

Mama mmoja akapiga yowe. Kajibiwa hivi: "Puto litajaa tena, mama. Piza ikiharibika analipa nani?"

Kwa asiyewahi kuliendesha: lile puto si tairi la gari kwamba ukishajaza umeziba. Linavuja kwenye kila mshono muda wote, ndivyo lilivyoshonwa. Blowa ya kilowati 1.1 mpaka 1.5 inatakiwa ingurume bila kupumzika tangu mtoto wa kwanza anapanda mpaka wa mwisho anashuka. Ukichomoa, ndani ya dakika moja au mbili kuta zinalala, paa linawashukia watoto kichwani, mlangoni panajiziba. Vinaili nzito, joto la Dar, giza. Hapo msimamizi wa mlango ana kazi moja tu: ashike ule mlango uwe wazi, aite watoto, atoe wa karibu kwanza, ahesabu vichwa. Msimamizi alikuwa wapi? Katumwa jikoni kukata vitunguu!

Na sababu ni ya kijinga kuliko jibu lake. Soketi ya ukutani ni ampea 13, kwa volti 230 hiyo ni kilowati 3 hivi. Kioveni peke yake kinameza kilowati 3. Ukiongeza blowa unakaribia ampea 20, tena kwenye ekstensheni ya rola ambayo haijakunjuliwa, waya umejiviringa na kuchemka kama jiko la mkaa. Breka ikakata. Akarudisha, ikakata. Mara ya tatu akaamua kuchagua kimoja. AKACHAGUA PIZA.

Blowa inatakiwa iwe na laini yake kutoka kwenye breka yake, na mtu asiguse. Jenereta ikiwaka, blowa ndiyo ya kwanza kupewa umeme. Hili la kusomea?

Kachomoa plagi, jamani. Watoto tisa.

#2 Moto wa Chini

Huyo mtu namjua kwa piza zake, pembeni mkaa, katikati uji. Hicho kioveni asingekihitaji kama oveni kubwa ingeheshimiwa. Jiwe liwe nyuzi 300 kabla ya piza ya kwanza, upime jiwe lenyewe kwa kile kipimajoto chenye umbo la bastola, usiamini namba ya kwenye mlango. Kwake oda tano zikigongana wanafungua mlango kila nusu dakika kuchungulia. Jiwe linapoa, piza ya dakika sita inakaa dakika kumi na tano, jibini inatoa mafuta na chini bado nyeupe.

Na unga: kilo 1, maji gramu 620, chumvi 20, hamira ya chembechembe gramu 2, jokofuni saa 24. Unapata madonge sita ya gramu 270, piza za sentimita 30. Sosi gramu 80, mozarela 120, basi. Yeye anamwaga hamira vijiko viwili ili uumuke saa moja, joto la nje 32, jioni donge limechacha, ukilivuta linachanika. Kisha anaficha tundu kwa jibini.

#3 Nondo 16

Mleta mada umeshikilia plagi tu. Nanga za kulishikilia puto chini uliziangalia? Unaandika kurasa mbili kuhusu umeme na puto limefungwa kamba kwenye miguu ya viti vya plastiki! Kanuni ya Ulaya ya maputo haya ya kurukia, EN 14960, inataka nanga zisizopungua sita. Kwenye udongo ni vigingi vya chuma vya sentimita 38, unene milimita 16. Kwenye sakafu ya saruji kila nanga ipate uzito wa kilo 163 hivi. Upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa unashusha watoto, huulizi mtu. Upepo wa kusi ukipita kwenye ule uwanja wake siku moja, plagi mtaisahau.

#4 Mleta mada

Mkuu, nanga hazikuchomolewa leo. Plagi ndiyo imechomolewa.

#5 Zamani Hizo

Inayoniuma ni kwamba hii biashara ilibuniwa kwa ajili ya kusubiri. Nolan Bushnell, mwanzilishi wa kampuni ya michezo ya video ya Atari, alipofungua ukumbi wa kwanza wa piza na michezo wa Chuck E. Cheese kule San Jose, California, mwaka 1977, alichagua piza kwa sababu haina mambo mengi na inachukua muda kuiva, na huo muda ndio mtoto anaingiza tokeni, zile sarafu za kuchezea, kwenye mashine za michezo. Piza ikichelewa dakika kumi mwenye ukumbi anapata hela! Huyu wetu anazima michezo ili piza iwahi. Kageuza biashara miguu juu. Hata kampuni ile ya Bushnell, matawi yakiwa mengi, ilifilisika mwaka 1984 ikachukuliwa na washindani wao wa ShowBiz Pizza. Na huyu anakimbilia tawi la nne akiwa na soketi moja.

#6 Mama Mapacha

Mimi plagi sijaiona, naomba nizungumzie soksi. Shilingi elfu tatu kila mtoto, hata akija na zake! Eti zake hazina vidoti vya mpira chini. Zina vidoti, nimewageuzia miguu wakaona. Na keki ya kutoka nje wanakutoza elfu hamsini, kisu chenyewe unaomba mara tatu.

#7 Fundi Tokeni

Mama Mapacha umenigusa. Zile mashine za michezo za huyu bosi nazo zinasumbua tokeni, lakini hazina mapepo. Tokeni ikiingia na mchezo usihesabu, ile swichi ndogo chini ya mdomo imejaa vumbi au waya wa ishara umelegea, unapangusa kwa spiriti dakika mbili. Tokeni ikirudi kila mara, basi bosi kaagiza tokeni mpya nyembamba za bei chee na hakubadilisha ile ya sampuli iliyobanwa ndani ya kifaa cha kulinganishia. Kifaa kinazikataa kwa haki kabisa. Anafukuza mafundi wakati dawa ni kufungua skrubu na kuweka tokeni moja mpya!

#8 Kichwa cha Twiga

Na anayevaa lile vazi la twiga mmemsahau. Vazi la sponji lile, joto hili, mtu avae dakika 20, akizidi sana 30, kisha avue kichwa chumba chenye feni, anywe maji, apumzike muda kama huohuo. Pale anavaa tangu saa nane mpaka keki ya mwisho. Vazi halianikwi, linatundikwa chooni likiwa bichi. Mtoto akilikumbatia anatoka ananuka kama gunia la dagaa.

#9 Mleta mada

Nawasikia wote, lakini turudi kwenye plagi. Watoto TISA. "Puto litajaa tena." Hivi hamjasikia hilo jibu?

#10 Mama Mapacha

Tumesikia. Sasa hizo soksi za elfu tatu zinaingia kwenye bwawa la mipira ambalo wiki jana mtoto katapika, wakachota juu kwa beseni, wakaendelea. Mipira inaoshwaje?

#11 Nondo 16

Unafunga bwawa, unatoa mipira yote, pamoja na ile ya chini kabisa inayonata. Sabuni kwanza, suuza. Kisha jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu 34, izame dakika kumi. Suuza tena, anika ikauke kabisa. Na sakafu ya bwawa pia, ndipo uchafu unapokaa.

#12 Mama Mapacha

Haichubui rangi?

#13 Nondo 16

Haichubui ukiisuuza. Ila usichanganye na ile dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Na mpira uliopasuka tupa, maji yanabaki ndani.

#14 Fundi Tokeni

Soksi zenye vidoti Kariakoo ni bei gani kwa dazeni?