Git: timu ya watu wanne wanaoanza, merge au rebase?

Chipukizi02
Wakuu, habari zenu. Tuko wanne, wote tunajifunza Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo) kwenye mradi mmoja. Mmoja wetu anataka matawi (mistari ya kazi inayoendelea sambamba) yaunganishwe kwa merge, mwingine ameng'ang'ania rebase, eti historia inanyooka kama uzi. Mimi nafuata upepo tu. Tushike ipi?

FundiMsimbo
Merge, usizunguke. Haigusi komiti (hatua za kazi zilizohifadhiwa) zilizopo. Inaongeza moja yenye wazazi wawili, basi. Rebase inaziandika upya komiti zako juu ya tawi jingine, na kwa kuwa ile namba ndefu ya komiti (yenye herufi na tarakimu 40) hutokana pia na mzazi wake, zote zinapata namba mpya. Kwa macho yako kazi ni ileile, kwa Git ni komiti ngeni kabisa. Kama ulishazisukuma (kuzipeleka kwenye seva) na mwenzio anazo zile za zamani, vilio vinaanzia hapo.

NyotaJioni
Vilio hivyo nimevilia. Nilifanya rebase kwenye tawi tulilokuwa tunalitumia wawili, seva ikakataa nisisukume, nikapiga `git push --force`, yaani kusukuma kwa nguvu, bila kufikiri. Komiti tatu ambazo mwenzangu alizisukuma usiku zikatoweka kwenye seva. Pona yetu ilikuwa kompyuta yake: alikuwa bado hajavuta kitu kutoka kwenye seva, kazi yote ilikuwamo. Siku hizi natumia `--force-with-lease`, inagoma kama seva ina kitu ambacho mashine yangu haijakiona.

BwanaTawi
Mnamtisha mgeni bure. Rebase kwenye komiti ambazo bado ziko kwako peke yako haimdhuru mtu. @Chipukizi02 anza na `git pull --rebase`, inayovuta kazi ya wenzako na kufanya rebase papo hapo. Tuseme una komiti mbili hujazisukuma na mwenzio amekutangulia: zako zinapangwa juu ya zake, na hampati ile komiti ya kuunganisha isiyo na habari yoyote ndani yake. Mkiwa wanne, baada ya wiki mbili hizo zinajaa hadi `git log` (orodha ya komiti) haisomeki. Ukikwama katikati, `git rebase --abort` inakurudisha ulipokuwa.

@NyotaJioni angalizo dogo: kama kihariri chako kinachukua mabadiliko ya seva chenyewe kimyakimya, mashine inahesabu imeyaona, na ulinzi huo unaisha nguvu.

Chipukizi02
Nimejaribu sasa hivi, mgongano, mimi na mwenzangu tumebadili mstari mmoja! Faili la mipangilio: upande wa HEAD (pale Git iliposimama) pana `muda = 30`, chini yake `muda = 60`. Ila 60 ndiyo yangu! Si ilipaswa kuwa kwenye HEAD?

BwanaTawi
Hujakosea, wengi hunaswa hapo. Kwenye merge, HEAD ni tawi lako. Kwenye rebase, Git inasimama kwanza kwenye kazi ya wenzako, kisha inabandika komiti zako moja moja, kwa hiyo HEAD ni yao. Hata `--ours` (yetu) na `--theirs` (yao), za kuchagua upande, zinageuka. Futa zile alama za mgongano, acha mstari sahihi, `git add`, halafu `git rebase --continue`.

FundiMsimbo
Sasa fikiria tawi lenye komiti nane zilizogusa mstari huohuo. Merge inakuuliza mara moja. Rebase inaweza kukuuliza mara nane. Ndiyo maana kuingiza kwenye tawi kuu mimi nabaki na merge. Hiyo `pull --rebase` sina ugomvi nayo.

Chipukizi02
Basi tumekubaliana hivyo: `pull --rebase` kwa ambazo hatujasukuma, merge kuingia tawi kuu, na `--force` kwenye tawi kuu tumeizima kwenye seva.

Kuhusu ule mstari, nilimpigia mwenzangu nimuulize nani yuko sahihi. Kumbe yeye 30 yake ni sekunde. Mimi 60 yangu nilidhani ni dakika.