Jina la mtoto wa Neema

Kikundi: Ukoo wa Kibosho

Anti Rose 06:12
Habari za asubuhi wanaukoo. Neema anatakiwa kuandika jina la mtoto leo huko Brno, Jamhuri ya Czech. Kila mtu aseme neno, msisome mkanyamaza.

Anti Rose 09:40
Watu 31 mmesoma. Jamani!

Neema 09:52
Shikamooni. Tumefikiria Ludmila, jina la mama mkwe. Ni la Kislavi cha zamani: lud ni watu, mila ni mpendwa. Mpendwa wa watu. Nyumbani wanamwita Lída.

Fredi 09:53
Rudi mila! Mbege iandaliwe 😂

Mama Doreen 09:55
😂😂 Mimi nitamwita hivyo hivyo Rudimila

Anti Rose 09:56
Fredi acha. Ni mtakatifu au jina tu? Padri atauliza.

Neema 10:01
Mtakatifu, Anti. Ni bibi yake Mtakatifu Václav, msimamizi wa nchi ya huku, ndiye aliyemlea na kumfundisha dini. Mwaka 921 alinyongwa kule Tetín, wauaji walitumwa na mke wa mwanawe. Kwenye picha na sanamu utaona shela shingoni, ndiyo waliyomnyongea. Sikukuu ya jina huku ni 16 Septemba.

Fredi 10:02
Mke wa mwanawe 😳

Mama Doreen 10:04
Naona mnanitazama mimi.

Anti Rose 10:04
Hakuna aliyekutaja. Ya Doreen tuliyamaliza Krismasi.

Mama Doreen 10:05
Mliyamaliza na nani? Mimi nilikuwa jikoni.

Baba Mdogo 11:30
Mchango wa blanketi natuma kwa nani?

Bibi 12:05
Nimesomewa yote. Kwetu binti wa kwanza hubeba jina la mama wa baba. Mama wa baba ni huyo mama wa Brno. Jina ni lake, mpeni. Na bibi aliyelea mjukuu namjua. Neema nimemlea mimi.

Mama Doreen 12:31
Nimesikia, Mama.

Neema 12:33
Bibi 😭 Cheti kinaruhusu majina mawili. La pili nataka Manka, lako. Huku pia lipo, ndivyo wanavyomwita Marie kwa kumdekeza.

Anti Rose 12:35
Hapo subiri. Manka limeahidiwa tangu msiba wa Babu, na wenyewe wamo humu. Tungoje Baba Mkubwa. Jumamosi saa mbili usiku tupigiane video, wote.

Fredi 12:36
Na mbege?

Anti Rose 12:36
Fredi!

Neema 12:50
Anti, muuguzi ameshika fomu hapa mlangoni.

Baba Mkubwa 15:17
Kuna nini?