Naomba ushauri: mwigizaji maarufu ajifiche vipi kwenye tovuti ya wachumba?

Wakuu, habari zenu. Naandika hadithi nyepesi ya mapenzi, mahali ni Leicester, Uingereza, kwa Wagujarati (Wahindi wenye asili ya Gujarat) waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Bibi mpaka leo akikasirika anagomba kwa Kiswahili. Binti ni mwigizaji maarufu, anatafuta mchumba mtandaoni kwa jina la nyumbani. Picha moja ikipekuliwa Google siri imekwisha, kwa hiyo amezifunga picha zake zisionekane hadi akubali ombi la mtu. Kinachonisumbua ni baiodata, yaani karatasi ya maelezo ya mchumba inayosomwa na familia: urefu, elimu, gotra (ukoo wa kale wa upande wa baba), kazi ya baba, kwao mama. Hapo foi, dada wa baba, hapitwi! Gotra zikifanana, familia nyingi za Kihindu hukataa. Je, kijana amtambue kabla wazee hawajakutana, au sinia la sambusa likiwa tayari mezani?