AFCON ya Ivory Coast: aliyepanga Kundi F likamalizie Korhogo ajitokeze atueleze

Wakuu, uzi huu si wa matokeo. Penalti, VAR na kocha vina nyuzi zake, nendeni huko. Hapa tunaongelea barabara.

Fungueni ramani. San-Pédro iko pwani, kona ya kusini magharibi. Korhogo iko juu kaskazini, upande wa Mali na Burkina Faso. Kundi F (Morocco, DR Congo, Zambia na Tanzania) lilicheza San-Pédro tarehe 17 na 21 Januari 2024, halafu Tanzania na DR Congo wakapelekwa Korhogo kucheza tarehe 24. Ukipita bara, yaani Soubré, Daloa, Yamoussoukro na Bouaké, ni zaidi ya kilomita 700. Ukizungukia Abidjan zinapita 900. Hakuna treni ya kukuokoa.

Najua kuna watakaokuja mbio kusema mechi za mwisho za kundi lazima zianze kwa wakati mmoja, na uwanja mmoja hauwezi kubeba mechi mbili. Hilo halina ubishi, tangu Ujerumani Magharibi na Austria walivyotia aibu Kombe la Dunia la 1982, walipocheza wakijua tayari matokeo yanayowavusha wote wawili. Tatizo ni uwanja gani uliounganishwa na upi. Makundi A na B yalibadilishana viwanja viwili vyote vya Abidjan, safari ya teksi. C na D wakabadilishana Yamoussoukro na Bouaké, kama kilomita 100 za lami nzuri. Halafu E na F wakapewa Korhogo na San-Pédro, miji miwili iliyotengana zaidi kati ya mitano ya mashindano! Siku hiyohiyo ambayo Watanzania na Wakongo wanapanda kaskazini, Mali na Namibia wa Kundi E wanashuka kusini. Wanapishana njiani.

Ingekuwa rahisi kiasi gani kuunganisha Korhogo na Bouaké, kilomita 225 hivi, na San-Pédro na Yamoussoukro? Hata shabiki anayetoka San-Pédro angekuwa amepunguziwa karibu nusu ya safari.

Na Morocco, kiongozi wa kundi, hakuhama. Mechi tatu za kundi San-Pédro, na ya 16 bora dhidi ya Afrika Kusini tarehe 30, palepale. DR Congo je? Sare ya Korhogo ikawapa nafasi ya pili, na nafasi ya pili maana yake ni kukutana na Misri tarehe 28, wapi? San-Pédro! Kilomita zilezile 700, kinyumenyume. Kisha Abidjan kwa robo fainali tarehe 2 Februari. Shabiki aliyefuata timu hiyo tangu mwanzo ameijua Ivory Coast kuliko dereva wa lori la kakao.

Sasa hesabu ya siku, maana wengi huangalia ramani tu. Zambia na Tanzania walianza saa 11 jioni, filimbi ya mwisho inalia kwenye saa 1 usiku. Usitegemee basi la masafa wakati huo. Mabasi mengi huondoka alfajiri, na kila kampuni ina stendi yake, kwa hiyo "nitaenda stendi kuu nitafute" ni kupoteza asubuhi. Tarehe 22 unafika Yamoussoukro au Bouaké, unalala. Tarehe 23 unamalizia. Anayejaribu kuunga siku moja anafika Korhogo usiku wa manane, hana chumba. Njiani kuna vizuizi vya askari, pasipoti ikae mfukoni, si kwenye begi lililofungwa juu ya basi. Ndege za ndani nazo zinaegemea Abidjan: unashuka kusini mashariki ndipo upande kaskazini, tiketi mbili, ndege ndogo, na kuchelewa kwa ya kwanza kunaiua ya pili.

Chumba ndicho kinachouma zaidi. Lazima ulipe kwenye miji miwili, na huwezi kujua mapema kama utahitaji wa tatu. Mwenye nyumba anataka malipo ya siku zote za mashindano au akupe "haturudishi pesa". Viwanja vyenyewe vyote viwili ni vya watu 20,000, ila nafasi za kulala haziendani na idadi hiyo.

Kuhusu pesa, bebeni euro, si dola. Faranga ya CFA, pesa ya huko, imefungwa kwa euro, 655.957 kwa moja, hivyo ni vigumu kudanganywa kwenye kubadilisha. CFA ya Cameroon au Gabon haipokelewi dukani ingawa thamani ni ileile. Noti ya 10,000 kwenye teksi asubuhi ni ugomvi wa chenji. Kadi ya homa ya manjano ihesabiwe siku 10 kabla, chanjo ya jana haihesabiki.

Swali langu kwa wanaofuatilia maandalizi ya 2027, Kenya, Uganda na Tanzania: jozi za viwanja kwa raundi ya tatu ya makundi zimeshapangwa? Maana safari hii katikati ya uwanja na uwanja kuna mpaka wa nchi.